Bakteria wa bahari kwenye glukosi, asetati na piruvati: mbona uwiano wa CO2 na oksijeni unatoka chini?

Loleza_Maabara (Mbeya)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa kusoma matokeo kabla hatujayaandikia ripoti.

Tunaotesha Vibrio natriegens kwenye mchuzi wa chumvi za bahari, joto 25°C, kwa vyakula vitatu: glukosi, asetati ya sodiamu na piruvati ya sodiamu. Kila kimoja tumekiweka kwa kaboni sawa, milimoli 10 za kaboni kwa lita. Maana yake ni glukosi g 0.30, asetati isiyo na maji g 0.41, piruvati g 0.37. Nitrojeni ni kloridi ya amonia g 0.11 kwa lita. Bafa ni Tris, baikaboneti hatukuweka ili isiharibu kipimo cha CO2. Flaski ni za ml 250 zenye mchuzi ml 50 tu, ziko kwenye kitikisio.

Kila baada ya muda tunachota, tunapunguza makali hadi OD 0.02 (OD ni kipimo cha wingi wa seli kwa mwanga unaozuiwa na mchuzi) kwa mchuzi mpya wa chakula kile kile, ila seli za saa ya 14 kwa mchuzi wao wenyewe, tunajaza chupa ya BOD (chupa ya kupimia oksijeni, isiyopitisha hewa ikifungwa) ya ml 300 na kufuatilia oksijeni kwa probu yenye kikorogeo. Mwisho tunatia asidi, tunasukuma CO2 kwa hewa iliyosafishwa hadi kwenye mtego wa NaOH, tunaweka kloridi ya bariamu na kutitresha kwa HCl ya 0.01 M. Chupa isiyo na bakteria tunaitoa kwenye hesabu.

Uwiano wa CO2 iliyotoka kwa O2 iliyotumika wakati wa kuongezeka kwa kasi ni: glukosi 0.70, asetati 0.69, piruvati 0.96. Baada ya chakula kwisha, saa ya 14, vyote vitatu vinakaribia 0.63. Mwenzangu anasema 0.7 ni dalili ya kuchoma mafuta. Mafuta gani, wakati tumewapa sukari?

Jambo la pili. Seli za saa ya 14 zikipimwa ndani ya mchuzi wao zinapumua kama sehemu moja ya kumi tu ya seli za saa ya 4, kwa OD ile ile. Lakini tukizipima kwa INT (dawa inayogeuzwa nyekundu na vimeng'enya vya upumuaji), rangi nyekundu inatoka karibu sawa. Zimekufa au ziko hai?

Probu ilirekebishwa kwa hewa yenye unyevu, 100%. Kwenye mchuzi uliopigwa hewa vizuri, 25°C, inasoma mg 8.3 kwa lita.

Kamwene_Maji (Iringa)

Kamwene, mkuu. Umefanya vizuri kuandika hiyo 8.3, maana jibu la swali lako la kwanza limo humo. Bakteria wako hawana tatizo. Anayekosea ni probu.

Miligramu 8.3 kwa lita ni oksijeni ya maji baridi yasiyo na chumvi, 25°C, usawa wa bahari. Wewe una maji ya chumvi, na uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Chumvi ya gramu 35 kwa lita peke yake inashusha kiwango hadi kama mg 6.75. Halafu kanieneo ya hewa ya Mbeya ni karibu hektopaskali 830, siyo 1,013. Ukitoa mvuke wa maji kwenye hesabu, unabaki na asilimia 81 hivi ya kiwango cha pwani. 6.75 mara 0.81 ni 5.5. Mchuzi wako uliopigwa hewa una mg 5.5, probu inakuambia 8.3. Imezidisha mara 1.5.

Kwa nini hukuona mapema? Kwa sababu kosa hili ni la kuzidisha, na linazidisha kila kitu kwa kiasi kile kile. Ukilinganisha glukosi na asetati, au saa ya 4 na saa ya 14, uwiano kati yao unabaki sahihi. Linajitokeza pale tu unapogawanya CO2, iliyopimwa kwa titresheni ya kweli, kwa oksijeni iliyopimwa kwa probu yenye kosa.

Sasa zidisha namba zako kwa 1.5. Glukosi inakuwa 1.05, asetati 1.04, piruvati 1.44, na za saa ya 14 zinakuwa 0.95. Namba hizi zinaeleweka kabisa.

Ukichoma glukosi yote hadi mwisho, molekuli 6 za oksijeni zinatoa 6 za CO2, uwiano 1. Asetati ni 2 kwa 2, nayo 1. Piruvati ni 2.5 kwa 3, yaani 1.2. Lakini hizo ni za kuchoma tu. Seli inayokua haichomi chote, sehemu ya kaboni inabaki mwilini. Na mwili wa seli una elektroni nyingi kwa kila kaboni, wastani 4.2, wakati glukosi na asetati zina 4 na piruvati ina 3.33 tu. Chukua kaboni 100 za piruvati, 40 zibaki mwilini. Kaboni 60 zinatoka kama CO2, ila elektroni zilizobaki za kupewa oksijeni, nne kwa kila molekuli, zinatosha molekuli 41 tu. 60 kwa 41 ni 1.46. Ndiyo 1.44 yako. Kwa glukosi, nusu ikibaki mwilini, unapata 50 kwa 47.5, yaani 1.05.

Chakula kikiisha, seli inakula mwili wake na akiba yake. Gawanya 4 kwa 4.2 unapata 0.95. Kwa hiyo kushuka mlikokuona saa ya 14 ni kwa kweli, kiwango ndicho kilikuwa na kosa. Matokeo mazuri haya, msiyatupe.

Cha kufanya: ingia kwenye menyu ya probu, weka chumvi 35 na kanieneo halisi. Kama kifaa hakina sehemu ya kanieneo, weka mwinuko. Kama hakina vyote viwili, hesabu kwa mkono kwa kutumia 5.5. Usichukue kanieneo ya utabiri wa hali ya hewa wa simu bila kuangalia, kwa kawaida huwa imeshapandishwa hadi usawa wa bahari, nayo itakusomea 1,015 ukiwa Mbeya.

Kisha hakikisha kwa Winkler, yaani kupima oksijeni kwa titresheni. Njia hii ni ya 1888 na bado ndiyo hakimu. Tumia maji ya chumvi matupu yaliyopigwa hewa, usitumie mchuzi wenye Tris. Jaza chupa ya ml 300 kwa mpira unaofika chini, maji yamwagike mara mbili au tatu ya ujazo wake. Weka ml 1 ya salfati ya manganizi na ml 1 ya iodidi yenye alkali, ncha ya pipeti ikiwa chini ya uso wa maji. Funga bila povu, geuza mara 15. Masimbi (mashapo) ya kahawia yakishatua hadi nusu ya chupa, tia ml 1 ya asidi ya salfuriki, geuza hadi yayeyuke. Chukua ml 200, titresha kwa thaiosalfati ya 0.025 M. Kwa kipimo hicho kila ml 1 ni mg 1 ya oksijeni kwa lita. Wanga uweke mwishoni, rangi ikishakuwa kama nyasi kavu. Ukiuweka mapema unashikana na iodini na mwisho wake hauonekani vizuri. Ukipata ml 5.5 hivi, kesi imekwisha. Masimbi yakitoka meupe, chupa haina oksijeni.

Ndaga_Tukuyu

Nakubaliana na Kamwene kwenye kipimo. Mimi naingia kwenye hatua za ukuaji, maana hapo ndipo watu wengi wanapima kitu kimoja na kuandika kingine.

INT haipimi upumuaji, inapima uwezo wa kupumua. Ile dawa inapokea elektroni kutoka kwenye mnyororo wa upumuaji na kugeuka formazani nyekundu. Theodore Packard alipoleta kipimo hiki kwa viumbe vidogo vya bahari mwaka 1971, wazo lilikuwa kuwapa vimeng'enya NADH, NADPH na saksinati (vitoa elektroni) kwa wingi, ili uone mnyororo unaweza kupitisha kiasi gani ukishiba. Ukifanya hivyo kwa seli za saa ya 14 unawapa mafuta ambayo wao wenyewe hawana. Mashine ipo, tangi ni tupu. Vimeng'enya havivunjwi dakika ile chakula kinapokwisha, vinakaa saa nyingi, lakini NADH ya ndani inapungua mara moja na oksijeni inayotumika inashuka nayo. Kwa hiyo seli zako ziko hai. Na pengo kati ya namba hizo mbili ndilo kipimo cha njaa. Liandikeni kama matokeo, msilitafutie dawa.

Mradi kipimo chenyewe kiwe safi: chupa ya kulinganishia yenye seli zilizouawa kwa formalini, giza muda wote, na muda mfupi. INT inaiba elektroni zilizokuwa ziende kwenye oksijeni, na yenyewe ni sumu kwa seli. Usiipime INT na oksijeni kwenye chupa moja.

Jambo ambalo lingeweza kukuharibia, na naona umelikwepa, ni lile la kupunguza makali. Seli za hatua ya kutulia lazima zipunguzwe kwa mchuzi wao wenyewe uliochujwa kwa kichujio cha mikromita 0.2. Ukizitia kwenye mchuzi mpya wenye glukosi, ndani ya dakika chache zinaamka, na unachopima siyo kutulia tena. Na kwa kuwa zinapumua polepole, OD 0.02 itakupa mteremko mdogo unaopotea kwenye kuyumba kwa probu. Tumia OD 0.2.

Kwa seli zinazoongezeka kwa kasi mambo yanageuka. OD 0.5 ni kama g 0.2 za seli kavu kwa lita. Kila gramu ikitumia milimoli 10 za oksijeni kwa saa, ambalo si jambo la ajabu kwa bakteria anayekua, chupa iliyofungwa inamaliza oksijeni yote ndani ya dakika tano. Ndiyo sababu ya 0.02. Acha kusoma ikifika mg 2, chini ya hapo mwendo wa probu nao unaingia kwenye jibu lako.

Sasa chakula na hatua vinavyoingiliana. Kwenye glukosi usishangae kuona vilima viwili vya upumuaji. Vibrio huyu akila sukari kwa kasi anatupa nje sehemu yake kama asetati, kwa sababu kuivunja sukari nusu ni haraka kuliko kumaliza kazi yote. Glukosi ikiisha, upumuaji unashuka, unakaa kidogo, halafu unapanda tena akianza kula ile asetati. Ukichota sampuli kwenye lile bonde utaandika kwamba ametulia, kumbe anabadilisha sahani. Chota kila dakika 15 kuanzia OD inapokaribia kusimama.

Asetati yenyewe ni chakula ghali. Kwanza inagharimu nguvu ya ATP (sarafu ya nguvu ya seli) mbili kuiwasha, halafu kila kaboni mbili zikiingia kwenye mzunguko wa Krebs (unaomalizia kuchoma chakula ndani ya seli) mbili zinatoka kama CO2, kwa hiyo hakuna kinachobaki cha kujengea mwili mpaka seli iwe na njia ya mkato ya glioksilati, inayoruka hatua zinazotoa CO2. Ndiyo maana kwa glukosi nusu ya kaboni inaweza kubaki mwilini, kwa asetati mara nyingi ni theluthi hivi. Kaboni ni sawa, lakini wa asetati anapumua zaidi na kuongezeka kidogo. Baharini hali ni ngumu zaidi: mapitio ya del Giorgio na Cole ya mwaka 1998 yanaonyesha kwamba kwenye maji maskini ya bahari kuu sehemu inayobaki mwilini mara nyingi ni ndogo sana, chini ya asilimia 15. Usichukue 50 ya flaski yako ukaipeleka Bahari ya Hindi.

Mwl_Makambako

Shikamooni wakubwa. Mimi nafundisha sekondari, sina kitikisio wala probu, nina chupa za BOD na vifaa vya Winkler. Nifanye hivi: glukosi g 1 kwa lita, chumvi ya dukani, nifunge chupa siku 5 na kulinganisha na asetati? Au nichukue maji ya Ziwa Nyasa pale Matema badala ya kuhangaika na chumvi?

Kamwene_Maji (Iringa)

Marahaba, Mwalimu. Inawezekana kwa Winkler peke yake, ila si kwa namba hizo.

Glukosi g 1 kwa lita ina milimoli 33 za kaboni. Nusu ikichomwa inadai oksijeni mg 530 kwa lita. Chupa yako ina mg 5.5 hivi tu, maana Makambako nako ni juu. Siku ya kwanza tu oksijeni imekwisha, Vibrio anahamia kwenye kuchachusha, anatoa asidi, na siku ya 5 chupa zote zinasoma sifuri, ya glukosi na ya asetati. Utahitimisha kwamba chakula hakina tofauti. Weka mg 3 za glukosi kwa lita, ambazo zikichomwa zote zinadai mg 3.2 za oksijeni, na asetati isiyo na maji mg 4.1. Kaboni hapo ni sawa. Andaa mchuzi wa kila chakula kwenye ndoo moja, tia mbegu (bakteria wa kuanzishia), piga hewa, jaza chupa nane. Mbili ziue kwa Winkler papo hapo, nyingine mbili mbili kila baada ya saa kadhaa. Hivyo unapata mkunjo mzima bila probu.

Chumvi ya dukani ina madini joto, na hayo ni iodati. Ukitia asidi, iodati inagongana na iodidi ya Winkler na kutoa iodini ambayo haikutoka kwenye oksijeni. Tuseme chumvi ina mg 30 za iodini kwa kilo: kwa g 24 za chumvi kwa lita, utasoma oksijeni ya ziada mg 0.27 hivi. Ukitoa mwanzo kwa mwisho kosa linafutika, lakini kiwango cha mwanzo kitakudanganya. Ukipata chumvi ya maabara, mchuzi mzuri ni huu kwa lita: NaCl g 24, kloridi ya magnesi yenye maji yake g 11, salfati ya sodiamu g 4, kloridi ya kalsi yenye maji yake g 1.5, kloridi ya potasiamu g 0.7. Nitrojeni na fosfati ongeza kidogo.

Maji ya Matema hayafai kwa kazi hii. Nyasa ni maji baridi. Vibrio natriegens anahitaji sodiamu si kwa kuzoea tu: kwenye mnyororo wake wa upumuaji kuna pampu inayosukuma sodiamu nje ya seli. Ukimnyima chumvi unapima kifo cha bakteria, siyo chakula chao. Kama unataka ziwa, otesha bakteria wa ziwa, liwe jaribio jingine.

Na kumletesha mtu maji ya bahari kwa basi kutoka Dar nako kuna mtego. Zaidi ya kilomita 600 ndani ya dumu, bakteria wachache wanaopenda kuta za chombo wanaongezeka na wengine wanapotea. Yakifika ni jamii nyingine. Maji hayo tumia kama mchuzi baada ya kuyachuja, siyo kama mbegu.

Loleza_Maabara (Mbeya)

Ndaga fijo, wakuu. Winkler imetoka ml 5.4 na 5.5. Probu tumeiwekea chumvi na mwinuko, sasa inasoma 5.5. Mwenzangu wa mafuta ameridhika.

Limebaki moja. Flaski za asetati zinachelewa kuanza, saa kadhaa bila OD kupanda, na wakati mwingine mchuzi unakuwa na ukungu hata kabla ya mbegu. Tunachemsha kwa presha kuka, psi 15, dakika 15. Mbegu inatoka kwenye sahani iliyokaa friji.

Ndaga_Tukuyu

Hapo kuna mambo matatu, Mkuu, tuanze na presha kuka. Psi 15 inakupa 121°C pwani, kwa sababu inajumlishwa juu ya hewa ya nje. Hewa ya Mbeya ni nyepesi, ndani unapata kama 118°C tu. Digrii tatu zinaonekana ndogo, lakini kila digrii 10 zikipungua kuua spora kunadai muda mara kumi, kwa hiyo dakika 15 za pwani ni dakika 30 kwako. Ongeza muda, usiongeze uzito kwenye vali. Otoklevu halisi iliyothibitishwa kubeba psi 18 unaweza kuipandisha hadi hapo, presha kuka ya jikoni usijaribu.

Ukungu kabla ya mbegu unaweza usiwe bakteria. Kalsi na fosfati zikichemka pamoja zinaganda. Tone la HCl kwenye sampuli: ukungu ukiyeyuka ni madini. Chemsha kalsi peke yake, fosfati peke yake, changanya zikipoa. Glukosi nayo ichemshe peke yake au ichuje, isije ikawa kahawia ikichemkia pamoja na chumvi za amonia. Piruvati usiichemshe kabisa, ichuje.

Friji iache. Vibrio natriegens hapendi 4°C, sahani ikikaa humo anaacha kuota na unadhani mbegu ilikuwa mbaya. Sahani weka joto la chumba, akiba ya muda mrefu iwe kwenye gliserini ndani ya friza ya −80°C.

Kuchelewa kwa asetati ni kwa sababu mbegu ilitoka kwenye chakula kingine. Vimeng'enya vya ile njia ya mkato havipo, seli lazima ivitengeneze kwanza. Wakati huo inapumua bila kugawanyika, na ukipima hapo utapata oksijeni nyingi kwa OD ambayo haipandi, uandike kwamba asetati haina faida yoyote kwa seli. Otesha mbegu kwenye asetati yenyewe mara mbili: ml 0.5 ndani ya ml 50, ikikua hamisha tena, na uichote ikiwa bado inaongezeka kwa kasi, usiingoje itulie. Halafu flaski za jaribio zianze zote kwa OD 0.01.

Na msimu huu wa baridi angalia joto la chupa, siyo la chumba. Asubuhi ya Juni na mchana wake haviko sawa hapo Mbeya, na digrii 10 za tofauti zinaweza kubadilisha upumuaji mara mbili hadi tatu, zaidi ya tofauti ya vyakula unayoitafuta. Deli la maji lenye hita ya tangi la samaki linatosha, chupa zizame hadi shingoni. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, chupa hizo zitupe, anza na nyingine.